Roshila Hakutia Sahihi

Mjini Ba, huku kwetu Fiji, kila mtu ana neno la kusema juu ya Roshila Wati, na mengi kati ya maneno hayo si ya kumsifu. Wako wanaosema ana kichwa kigumu. Wako wanaosema masomo yalimharibu. Mimi niliyesoma naye darasa moja, nikapanda gari lake kila Jumamosi kwenda Lautoka na kurudi, nasema kichwa chake kilikuwa kigumu tangu zamani. Masomo yalikipa sababu tu.

Kabla ya kuolewa, Roshila alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Akaolewa na Vinod, mtoto mkubwa wa mzee Bisnath mwenye tanuri la mikate, akaacha chaki akashika unga. Mzee Bisnath alipofariki, tanuri na nyumba iliyo nyuma yake vikabaki kwa watu watatu: mjane wake, Vinod, na Dharmend mdogo wake Vinod. Kisha moyo wa Vinod ukasimama siku moja mchana kweupe, akiwa anapakia trei garini, na fungu lake likaja kwa Roshila. Hawakujaliwa mtoto. Alibaki na mama mkwe, shemeji, na theluthi moja ya tanuri.

Sitaki mtu amfikirie vibaya Dharmend. Dharmend ni mtu wa watu. Anajua duka gani mwenyewe ana binti Brisbane, na lipi mwenyewe anaumwa goti, na kila anapopita huuliza habari za binti na za goti. Ijumaa hutandika mkeka barazani, akakoroga kava, kinywaji chetu cha mizizi, kwenye ndoo, na wenye maduka wakiondoka pale midomo imekufa ganzi wameshaahidi kuongeza mikate. Ni yeye aliyeufikisha mkate wa Bisnath hadi vijiji vya juu kabisa vya bonde. Lakini mtu aliyezoea kushinda huja akadhani kushinda ni tabia yake.

Ndoto yake ilikuwa Nadi. Kule kuna uwanja wa ndege, kuna hoteli, kuna wafanyakazi wa hoteli wasio na muda wa kupika. Mwezi wa Desemba alikodi meza karibu na soko la Nadi akauza mikate na skonzi, na kila siku vitu viliisha kabla ya chakula cha mchana. Akarudi Ba macho yanang'aa. Akazungumza na benki. Benki ikakubali kumkopesha ajenge tanuri jipya na duka, kwa sharti kwamba nyumba na tanuri la zamani viwekwe rehani. Ilitaka sahihi tatu, na ikampa hadi katikati ya mwaka kuzileta.

Roshila alikuwa akikata donge la unga Dharmend alipoweka zile karatasi mezani.

"Shemeji, kalamu hii hapa. Mama ameshatia dole gumba. Umebaki wewe tu."

"Nifute mikono nisome."

"Usome nini tena? Ni karatasi za benki, si gazeti."

Akasoma. Alisoma yote, na Dharmend akasimama akigongagonga kalamu mezani.

"Ukishindwa kulipa, wanachukua nyumba," Roshila alisema.

"Kwani nani kasema nitashindwa? Mkate uliisha! Kila siku uliisha, we shemeji vipi!"

"Ilikuwa Desemba, Dharmend. Nusu ya Sydney ilikuwa Nadi, na nusu nyingine ilikuwa njiani inakuja. Desemba ungeuza hata mawe."

"Haya, mwalimu. Hesabu za watoto wa shule hizo. Biashara ina hesabu zake."

"Basi nitakwenda kujifunza hizo zake."

Dharmend aliangua kicheko. Akamgeukia mama yake aliyekuwa akichagua mbaazi kwenye ungo. "Msikie mkweo, Mama! Anataka kwenda shule. Tumshonee sare?"

Mama mkwe aliendelea kuchagua mbaazi. Roshila akairudisha kalamu upande wa Dharmend, akaendelea kukata donge.

Mwishoni mwa Januari nilimkuta kwenye foleni ya kujiandikisha katika chuo kikuu pale Lautoka, shahada ya uzamili, somo la uchumi na takwimu kwa ajili ya maamuzi ya biashara. Mimi nafanya kazi ofisi ya soko la Ba, na nilikwenda kwa sababu bila karatasi ile nisingepandishwa cheo. Yeye alikwenda kwa sababu ya hasira. Tulifahamiana kwa jina na sura tu, mimi mteja wake wa mkate. Siku ile aliniangalia akasema, "Ateca, una gari?" Nikamwambia sina. "Mimi ninalo la Vinod. Utachangia mafuta." Urafiki wetu ulianza hivyo.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Mjane kuendesha gari kila Jumamosi kwenda mji mwingine, akakae na wanaume darasani, si jambo lililompendeza mjomba Jagdish, kaka yake mama mkwe, mtu wa hekalu na mwenye sauti. Alikuja akanywa chai, akaanza kuzungukazunguka.

"Mwanangu, mwanamke wa umri wako, masomo ya nini? Utaajiriwa?"

"Hapana, mjomba. Nimeshajiajiri."

"Watu watasema."

"Watu wanasema tangu Vinod afe. Acha wapate jambo jipya."

Mhadhiri wetu alikuwa Daktari Apakuki Vuetaki, jitu la miraba minne, kila siku kikoi cha ofisini na makubazi. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Alituuliza nani amewahi kufanya uamuzi mzuri wa kazi. Mikono ikainuka. Mmoja akaeleza alivyonunua lori likamlipa. Mwingine akaeleza alivyomwajiri mtu aliyekuja kuwa hodari. Daktari akasikiliza mpaka tukamaliza.

"Hamjanieleza uamuzi hata mmoja," akasema. "Mmenieleza mambo yalivyokuja kutokea. Siku ile, kabla hamjajua, mlikuwa na nini mkononi? Hicho ndicho nitakachowafundisha. Hayo mengine ni ya Mungu."

Roshila aliandika. Nilichungulia, alikuwa ameandika neno moja tu, Desemba, akalipigia mstari.

Usidhani kwa kuwa alifundisha hesabu basi alipita kama maji. Mtihani wa kwanza alianguka vibaya. Hesabu za shule zina jibu moja nyuma ya kitabu; hizi zilitaka kujua una hakika kiasi gani na jibu lako, na kompyuta ilimwagia majedwali asiyojua pa kuyashika. Daktari alimwita mezani baada ya kipindi. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimngoja.

"Bi Roshila, chuo kina cheti cha muda mfupi. Kinafaa wenye biashara ndogo. Hakuna aibu kuhamia huko."

"Daktari, nimekosa maswali. Sijakosa akili."

"Sikusema umekosa akili."

"Basi niache hapahapa. Ukitaka kunifukuza ningoje nianguke tena, uwe na ushahidi wa kutosha. Mara moja tu haionyeshi kitu. Si wewe uliyesema?"

Daktari alimwangalia, halafu akacheka kicheko cha tumboni. "Haya. Kwa hilo nakupa nusu alama."

"Sizitaki za bure," Roshila akasema, akatoka. Njiani kurudi tukapita mashamba ya miwa ya Drasa. Hapo akapiga usukani kwa kiganja. "Cheti!" akasema. "Ati cheti!"

Tangu hapo alisoma alasiri, tanuri likipoa, amekaa juu ya gunia la unga na kompyuta mapajani, mama mkwe pembeni na ungo wake. Bibi yule hajui kusoma. Alikuwa na tabia ya kuuliza, "Sasa leo wanasemaje hao?" na Roshila alilazimika kumweleza. Mimi nadhani huko ndiko alikojifunzia. Siku moja nilikwenda kuchukua mkate nikawakuta wanabishana juu ya sampuli.

"Mama, ukipika dengu, unaonjaje chumvi?"

"Kwa mwiko."

"Unakunywa sufuria zima?"

"Nina wazimu?"

"Unaonja kidogo. Lakini kwanza unafanya nini?"

"Nakoroga."

"Usipokoroga?"

"Utaonja mafuta ya juu, udanganyike."

"Haya. Dharmend ameonja mafuta ya juu."

Bibi akatupa mbaazi mbovu. "Sasa nani atakoroga?" akauliza.

Na kazi ya mwaka ya darasa letu ilikuwa hiyohiyo: chagua uamuzi wa kweli, kusanya takwimu zako mwenyewe, uandike. Wengi tulichagua kitu chepesi. Mimi nilichagua ushuru wa meza za soko. Roshila alimwendea Dharmend.

"Nipe mikate, meza, na dereva. Nitauza Nadi kuanzia Machi hadi Mei, siku nitakazochagua kwa kura."

"Kwa kura! Shemeji, unataka kuuza mkate kama bingo?"

"Ndiyo. Nikichagua mwenyewe nitachagua siku za mvua, nikuaibishe. Ukichagua wewe utachagua siku ya mishahara. Kura haina shemeji."

Dharmend alipenda mchezo, na alikuwa na hakika ya kushinda. "Sawa. Mikate ikiisha, unatia sahihi mbele ya mjomba, na unanikorogea kava mwenyewe."

"Kava utakoroga mwenyewe. Nitakuonyesha nilichokiona. Hayo tu nakuahidi."

Nilimsaidia siku kadhaa. Ipo siku skonzi ziligombaniwa kama za bure, wafanyakazi wa hoteli wamejipanga na sare zao. Ipo siku mvua ilipiga tangu asubuhi, soko tupu, na mteja wetu wa kwanza akawa mbwa. Siku ile Dharmend alikuja na gari kuchukua mabaki, akaziona trei zimejaa, akasema, "Hii usiihesabu. Ni mvua tu."

"Nadi hainyeshi?"

"Inanyesha, lakini si hivi."

"Na zile za juzi zilizoisha, nazo nisizihesabu?"

"Zile hesabu."

Hapo hata dereva alicheka.

Mwishoni, majibu yalitoka. Roshila alikuja nayo kwangu ofisini kabla hajamwonyesha mtu, uso umemshuka. Alikuwa ametumaini, na hakuficha, kwamba takwimu zingesema wazi duka la Nadi litakula hasara. Hazikusema hivyo. Zilisema huenda likapata hasara ya kumeza tanuri na nyumba, huenda likapata faida nono, na ukweli unaweza kuwa popote kati ya hapo. Faida iliizidi hasara nguvu kidogo. Kidogo tu.

"Watanicheka," akasema.

Nikamwambia, kwa nia njema, kwamba akiondoa zile siku mbili zilizouza kupita kiasi jibu lingekaa upande wake. Alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka.

"Dharmend aliniambia niondoe mvua. Na wewe unaniambia niondoe jua?"

Sikulirudia tena.

Kikao cha familia kilikaa Jumapili mwezi Juni, sebuleni, picha ya mzee Bisnath ukutani na shada la maua ya plastiki. Nilikuwepo kwa sababu Roshila aliniomba, na kwa sababu mama mkwe alisema mgeni akiwepo watu watapunguza matusi. Roshila alieleza yote bila kupamba. Dharmend alimsikiliza, mguu juu ya mguu, hata akamaliza.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui."

"Miezi yote hiyo, ada yote hiyo, mafuta ya gari, na jibu lako ni 'sijui'! Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia," akasema mjomba Jagdish.

"Sijui," Roshila akarudia, sauti imepanda, "na wewe hujui. Hakuna mtu humu anayejua. Tofauti ni kwamba wewe unataka kuiweka nyumba ya mama juu ya usichokijua. Kama ungekuwa unataka kuweka gari lako, ningekwambia nenda, bahati inakuelekea kidogo. Lakini ukikosea, mama atalala wapi? Nalala wapi mimi?"

"Nimeshalipa kodi ya mwaka mzima ya kiwanja kule! Tukirudi nyuma zote zimepotea."

"Zimeshapotea, shemeji. Ukienda zimepotea, usipokwenda zimepotea. Pesa iliyokwisha toka haina sauti kwenye kikao hiki."

Mjomba Jagdish akakohoa. "Binti, hapa kwetu mwenye kusema ni mwanamume wa nyumba. Marehemu angekuwepo angetia sahihi."

Nilimwona Roshila akiitazama ile picha ya mkwewe, kisha akamtazama mjomba usoni, jambo ambalo mjane hatarajiwi kulifanya.

"Labda angetia," akasema. "Vinod alimpenda mdogo wake. Lakini fungu hili sasa ni langu, mjomba, na mimi sitii."

Dharmend akasimama. "Basi utoke nyumbani kwetu!"

"Nitoke kwa hati gani? Theluthi ya mlango ule ni yangu. Nikitoka natoka nayo."

Nilidhani atampiga. Hakumpiga, Dharmend si mtu wa namna hiyo. Alianza kulia, jitu zima, machozi ya hasira, akasema kaka yake hajaoza vizuri na tayari mkewe anamkaba koo. Roshila naye akalia, lakini hakukaa chini. Mama mkwe ndiye aliyekimaliza kikao. Alisema, "Dole gumba langu nalitoa. Sikujua kwamba naweza kulitoa. Na mtu hatoki nyumba hii." Akainuka akaenda kuwasha jiko.

Wiki ile ile Dharmend aligawa biashara. Alichukua gari kubwa, waokaji wawili hodari, na orodha yote ya wateja wa Lautoka. Shemeji zake wa upande wa mke wakamkopesha, akakodi jengo dogo Nadi badala ya kujenga. Roshila akabaki na tanuri kuukuu, gari la Vinod, na vijiji vya bondeni.

Mwezi wa Septemba alisimama mbele ya watahini watatu kutetea kazi yake. Mmoja alikuwa mgeni mwalikwa, meneja wa hoteli, mama mmoja aliyevaa lulu, mwenye sauti ya kuagiza.

"Bi Wati, kazi yako ni safi. Lakini mimi nikimwajiri mtaalamu, siji kusikia 'labda'. Nataka ndiyo au hapana."

"Nimekupa hapana, mama. Ukurasa wa mwisho. Usiweke nyumba rehani."

"Lakini hujui kama duka litashindwa."

"Sihitaji kujua. Inatosha kujua kwamba siwezi kuivumilia hasara ile ikija. Hoteli yako ikipata hasara mwaka mmoja, ina hoteli nyingine za kuishika mkono. Sisi tuna tanuri moja."

"Ukiogopa hivyo hutakua kibiashara."

"Labda," Roshila akasema, na Daktari Vuetaki akaziba mdomo kwa kiganja.

Alipewa alama ya wastani. Kwenye karatasi waliandika kwamba mtahiniwa hana uthubutu wa kuamua. Aliisoma ndani ya gari, akanipa na mimi niisome. "Hana uthubutu," akasema. "Nilimwambia mjomba Jagdish hapana machoni, na hawa wanasema sina uthubutu." Akawasha gari kwa nguvu hata likazima.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hapo ndipo watu wa Ba wanapopenda kuanzia hadithi hii. Duka la Dharmend lilikubali. Si kidogo, lilikubali hasa. Desemba ilikuja, ikafuatiwa na mwaka mzuri usio na kimbunga, hoteli mbili zikachukua skonzi zake kila asubuhi, akanunua gari jipya jekundu. Alilipitisha katikati ya mji wa Ba taratibu, kioo chini, akisalimia. Sokoni kwangu wauza mboga walimngojea Roshila.

"Mwalimu! Zile hesabu zako zilisemaje vile?"

"Dada Roshila, shika bilinganya hii, ukatoe sampuli!"

Alinunua bilinganya, akalipa, akajibu kila aliyemtania. Lakini njiani siku moja nilimuuliza mwenyewe, sisi wawili tu: je, hakukosea?

"Ateca, mto ukifurika, maji yakapita juu ya daraja, wapo wanaovuka?"

"Wapo kila mwaka."

"Na wengi wanafika?"

"Wengi wanafika."

"Basi mwaka ujao nawe utavuka na watoto wako?"

Mtu wa Ba hahitaji kuelezwa daraja letu limezoa watu wangapi.

"Nafurahi amefika," akasema. "Ni mdogo wake Vinod. Nilimwombea afike. Lakini nisiambiwe nilikosea kukaa ng'ambo."

Wakati huo yeye mwenyewe hakuwa amekaa bure. Zile siku za meza ya Nadi zilikuwa zimemfundisha kitu ambacho hakukitafuta: mkate wa moto uliuzika pale tu watu walipokuwa wakienda kazini, na baada ya hapo ulidoda hata pawe mahali pazuri vipi. Kule bondeni mkate wa Bisnath ulikuwa unafika adhuhuri, kwa kuwa Dharmend alipenda kupiga soga kila duka. Roshila akageuza ratiba. Msimu wa kukata miwa, gari la Vinod lilikuwa linafika mashambani wakati wakataji wananoa mapanga, na badala ya mkate mtupu lilibeba chapati iliyoviringishwa na viazi vya kukaanga au samaki wa kopo. Alijaribu kwanza njia moja, kwa kiasi ambacho kingepotea bila mtu kulia. Kisha mbili. Haikumtajirisha. Ilimlipia waokaji wapya, na paa la tanuri likaezekwa upya.

Dharmend alirudi baada ya mwaka na nusu. Alikuja Jumapili, na mjomba Jagdish amemleta, na karatasi mkononi. Alitaka kununua lile jengo la Nadi ambalo mwenye jengo alikuwa analiuza. Alihitaji dhamana.

"Shemeji," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ile. "Sasa umeona. Sema mbele ya mjomba kwamba ulikosea, utie sahihi, tusahau yote."

"Umeleta mauzo ya kila mwezi?"

"Kwani huamini?"

"Nimeuliza umeleta?"

Alikuwa ameyaleta. Roshila aliyasoma palepale, mezani, watu wote wakimtazama, chai ikipoa. Aligeuza kurasa mbele na nyuma. Mwisho akavua miwani.

"Duka lako ni zuri," akasema. "Sasa sisemi tena sijui. Hata Februari limesimama. Nimebadili mawazo."

Dharmend alianza kutabasamu.

"Lakini sikukosea. Siku ile hakukuwa na karatasi hizi. Kulikuwa na Desemba moja na maneno. Ukinileta tena mbele ya Desemba moja na maneno, nitakataa tena, na mjomba anisikie vizuri."

"Yaani huwezi kusema neno moja tu? Nilikosea?"

"Ningekuwa nimekosea ningesema. Nilisema kwa mtihani niliofeli, nitashindwa hapa?"

"Na sahihi?"

"Nyumba, hapana. Hata leo, hapana. Mama bado analala humu. Lakini nina akiba kutoka kwa wakataji miwa. Naiweka yote katika jengo lako, niwe mshirika. Zikipotea, zimepotea zangu. Na mauzo utaniletea kila mwezi, na mvua uihesabu."

Mjomba Jagdish akasema haijapata kutokea shemeji wa kike kuwa mshirika na kudai hesabu. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa na ungo wake, akasema, "Kaka, kunywa chai, inapoa."

Dharmend aliondoka, mlango akaubamiza. Siku tatu nne tukadhani yameishia hapo. Kisha asubuhi moja lile gari jekundu likasimama nyuma ya tanuri, likapiga honi, na Dharmend akashuka na rasimu ya mkataba wa ushirika. Hakusema samahani, naye Roshila hakuidai. Waliisimamia ile rasimu juu ya meza ya unga, wakagombana mstari kwa mstari, sauti zao zinasikika hadi barabarani, yeye akikata hapa na mwenzake akirudishia pale.

"Kila mwezi ni mara nyingi mno! Kila baada ya miezi mitatu!"

"Kila mwezi."

"Shemeji, mimi ni mtu mzima!"

"Ndiyo maana nimesema mwezi. Mtoto ningemwambia kila wiki."

Nilikuwa nimekuja kuchukua mkate wangu. Nilingoja muda mrefu, nikajihudumia mwenyewe, nikaacha hela kwenye kopo, nikaenda kazini.